Maji Tuliyodhani Yanapotea



Nyuma ya kituo cha afya cha parokia yetu, hapa Goma, kuna kibanda cha mabati chenye mtambo wa kusafisha maji ya ziwa. Vikundi vya vijana kutoka parokia nyingine vimekuja kuutazama, kwa kuwa baadhi yao wanao mtambo wa namna hiyo au wanatarajia kuupata, na swali lao huwa ni moja: mlifanya nini hata maji safi yakaongezeka? Nimewajibu kwa mdomo mara nyingi, nikataja vichujio, presha na saa za kazi. Sikuwaambia uongo, lakini kila mara niliruka sehemu moja ya habari. Leo naiandika yote.

Anayeujua mji wetu anajua shida yake. Tumejenga juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, mawe huinywa yote, wala hatuna mto wa kuchota. Maji yetu ni ya Ziwa Kivu. Hubebwa kwa bidoni, mgongoni, kichwani, na juu ya chukudu zinazosukumwa na wavulana wenye umri wenu. Tangu 1994, kipindupindu kilipowaua maelfu ya wakimbizi katika pande hizi, hakuna mzazi wa Goma asiyeogopa maji ya ziwa yasiyotiwa dawa. Lakini klorini huua vijidudu tu; haiondoi chumvi. Maji ya Kivu yamebeba chumvi nyingi za madini, hata kile kifaa kidogo kama kalamu kinachopima chumvi katika maji husoma zaidi ya mikrosimensi 1,000. Maji ya mvua nayo si kimbilio la hakika, kwa maana mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo hushuka na asidi na floridi, ile inayotia mabaka ya kahawia katika meno ya watoto.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka, na ujiko wake ukaharibu sehemu ya mabomba na matangi ya mji. Baada ya msiba ule wafadhili walitupatia mtambo huu ili kituo cha afya kipate maji ya kunywa ya wagonjwa, na yanayozidi wapewe majirani. Ulipowashwa mara ya kwanza ulitoa lita 250 za maji safi kwa saa. Tulipiga makofi kana kwamba ni sisi tuliouunda.

Niwaeleze kwanza unavyofanya kazi, kwa sababu kosa langu lilianzia katika kutoelewa jambo hili. Mkinyunyiza chumvi juu ya kabichi iliyokatwakatwa, baada ya muda mfupi mtakuta maji chini ya bakuli. Chumvi imeyavuta maji kutoka ndani ya jani, kupitia ngozi nyembamba za chembe zake. Maji yana tabia hiyo: yakitenganishwa na utando mwembamba, huhama kutoka upande usio na chumvi kwenda upande wenye chumvi. Wataalamu huita mwendo huo osmosisi. Mtambo wetu huulazimisha mwendo huo urudi nyuma. Pampu huyasukuma maji ya ziwa kwa nguvu dhidi ya utando. Maji hupenya, na chumvi, karibu yote, hubaki. Utando wa kwanza uliofaa kwa kazi hiyo ulitengenezwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan katika chuo kikuu kimoja cha Los Angeles, Marekani, karibu na mwaka 1960. Ulio katika kibanda chetu ni wa namna mpya zaidi, umeviringishwa kama mkeka ndani ya mtungi mrefu. Tunayo mitungi miwili.

Sasa angalieni neno hili: chumvi hubaki. Hubaki wapi? Haiwezi kukaa juu ya utando siku zote. Ndiyo maana mtambo una mabomba mawili ya kutokea. Moja hutoa maji safi. La pili hutoa maji yaliyobeba chumvi yote iliyokataliwa, nasi tuliyaita maji ya nje. Katika mtambo wetu, kwa kila lita moja safi, lita moja nyingine hutoka nje.

Na hapo ndipo palipokuwa na kwazo. Bomba la maji ya nje lilimwaga juu ya mawe meusi kando ya njia, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakirudi kutoka ziwani na bidoni ya lita 20 mgongoni. Siku moja mama mzee wa shirika letu alisimama, akayatazama yakitiririka, akaniambia kwa upole: "Mwalimu, ninyi watu wa Kanisa mnamwaga maji?" Sikuwa na jibu. Neno lake lilinifuata hadi kitandani.

Katika mwaka wa pili mtambo ulianza kudhoofika. Lita 250 zikawa 220, kisha 190, kisha 160. Foleni ya majirani ikarefuka, na kelele zikaanza. Aliyeutunza mtambo alikuwa kijana wa parokia aliyemaliza shule ya sekondari katika biolojia na kemia, mtaratibu, mwenye daftari ambalo kila siku aliandika presha, lita za ndani, lita za nje na kiasi cha chumvi. Mimi nilikuwa msimamizi wa kazi hiyo kwa niaba ya baraza la parokia. Nilimwambia kwamba nimeona dawa ya tatizo letu: tuikaze vali ya maji ya nje, ili maji yale yasiyo na kazi yalazimike kupita katika utando.

Alinijibu kwa heshima: "Papa Mwalimu, maji ya nje ndiyo yanayobeba uchafu. Tukiyazuia, uchafu utakaa wapi?"

Nikamwambia kwamba yeye hajui uzito wa bidoni. Neno lile halikuwa la kweli. Hakuna mtoto wa Goma asiyejua uzito wa bidoni. Kisha nikaikaza vali kwa mkono wangu mwenyewe.

Mshale wa presha ulipanda kutoka baa 8 hadi 11. Maji safi yakapanda kutoka lita 160 hadi 210 kwa saa, na maji ya nje yakapungua hadi lita 50. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo baada ya Misa, nilisimama mbele ya Wakristu nikatangaza kwamba parokia haimwagi tena maji ya watu. Walipiga makofi. Yule mama mzee aliniinamishia kichwa. Nakiri kwamba nilikuwa na huruma juu yake; nakiri pia kwamba nilifurahia makofi, na hadi leo siwezi kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Mimi ni mwalimu. Nilisomea ualimu na nimefundisha hesabu kwa watoto wadogo kwa miaka mingi. Hesabu niliyopaswa kuifanya siku ile ni ya darasa la tano. Ikiwa nusu ya maji inapita, chumvi yote inabaki katika nusu nyingine, basi maji yale yanakuwa na chumvi mara mbili. Ikiwa robo tatu zinapita, chumvi iliyobaki inakuwa mara nne. Kwetu zilipita lita 210 kati ya 260, yaani sehemu nne kwa tano na zaidi kidogo; kwa hiyo mwishoni mwa utando chumvi ilikuwa mara tano ya ile ya ziwani. Ikifika hapo haikai tena ndani ya maji kwa utulivu. Huganda. Hufanya ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika la chai, nao huziba vijia ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Juma la kwanza lilikuwa zuri. Juma la tatu tulirudi kwenye lita 150. Juma la tano tulikuwa na 90, na ladha ya chumvi ilikuwa imerudi kinywani.

Baraza la parokia liliitishwa. Ufunguo wa kibanda ulikuwa kwa kijana. Daftari lilikuwa la kijana. Macho yote yakamgeukia. Mmoja aliuliza nani aliyegusa vali. Kijana alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini. Nadhani alinipa nafasi. Mimi nilikuwa katibu wa kikao, kalamu mkononi, nami sikusema neno. Baada ya kimya kirefu mtu mwingine alisema kwamba vijana wa siku hizi hawana uangalifu, na mazungumzo yakaendelea katika njia hiyo. Nikaandika katika kumbukumbu, kwa mwandiko wangu mzuri wa ualimu, kwamba mtambo umeharibika kwa uzembe wa mwangalizi. Aliondolewa kazini siku hiyohiyo. Hakunitaja.

Majuma mawili baadaye alikuja fundi kutoka Bukavu. Alifungua mitungi, akaivuta tando nje. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Ya pili, iliyo karibu na bomba la nje, ilikuwa nzito mikononi, na alipoigonga, unga mweupe ulidondoka kama chokaa. Hakuuliza nani alikosa. Aliuliza kama kuna daftari. Nikamletea. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akasifu mwandishi, kisha akaweka kidole juu ya mstari mmoja na kunionyesha. Kijana alikuwa ameandika tarehe, saa, presha ya kabla na ya baada, na maneno haya: "Vali ya nje imekazwa kwa amri." Hakuandika amri ya nani.

Jumamosi ile nilikwenda kuungama. Padri alinisikiliza, akaniuliza swali moja: jina la kijana limekwisha kusafishwa? Mimi ndiye niliyewafundisha wengi wenu, katika maandalizi ya Kipaimara, kwamba anayekosa dhidi ya ukweli na haki anawiwa kurekebisha alichoharibu, hata kama amekwisha kusamehewa. Jambo hilo liko katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2487. Nimelieleza ubaoni kwa chaki, na mifano. Siku ile lilikuwa mguuni pangu kama jiwe la volkano.

Niliomba baraza likutane tena. Nilisoma kumbukumbu ya kikao kilichopita kwa sauti, nikasema kwamba sentensi ile ni ya uongo, kwamba vali niliikaza mimi, na kwamba kijana alinionya. Nikaomba sentensi ifutwe na jina langu liandikwe mahali pake. Wazee wawili walisema haina haja ya kujiaibisha, yamekwisha pita. Padri Paroko alisema iandikwe. Iliandikwa. Kisha nikaenda nyumbani kwa kijana, nikamweleza mbele ya wazazi wake. Baba yake hakuniambia neno hadi nilipoondoka. Kijana alisema kwamba atakuja kusaidia kuosha utando uliobaki, kwa sababu hakuna mwingine anayejua vipimo vya kabla.

Alikuja siku kumi. Katika siku hizo nilijifunza yale mnayoniuliza.

Fundi alikuwa ametuachia unga wa asidi ya limao. Tuliuyeyusha katika maji safi, si ya ziwa, tukauzungusha katika mitungi kwa presha ndogo, kwa saa kadhaa, tukiuacha utulie na kuuzungusha tena, kisha tukasuuza kwa muda mrefu na kuyamwaga maji ya kwanza yote. Utando wa kwanza ulirudi. Wa pili ulikuwa umekufa, tukanunua mwingine kwa michango ya mashirika, nami nikatoa sehemu yangu, ambayo haikuwa ndogo. Vali ya nje ilirudishwa pale ilipokuwa. Tulipowasha, tulipata lita 165.

Yaani tulirudi palepale tulipokuwa kabla ya kosa langu. Udhaifu wa kwanza, ule ulionifanya niikaze vali, ulikuwa bado haujaguswa. Tulikuwa tumetazama bomba la kutokea, na ugonjwa ulikuwa mlangoni.

Kabla ya pampu kuna vichujio vya kuzuia matope, na baada yake kimoja cha mkaa. Kwa ubahili wetu tulikuwa tukiviosha kwa burashi na kuvirudisha, miezi na miezi. Kijana alifunga mita ya presha kabla ya vichujio na nyingine baada yake. Ya kwanza ilisoma baa 3, ya pili haikufika 1. Pampu ilikuwa ikihangaika kama mtu anayenyonya maji kwa mrija uliobanwa. Ingewezaje kuusukuma utando? Tulipoweka vichujio vipya, tofauti kati ya mita mbili ilikuwa ndogo sana, na maji safi yakafika lita 205. Siku hizi hatungoji macho yatuambie kwamba kichujio ni kichafu. Tofauti ikipita nusu baa, tunabadilisha. Kile cha mkaa hakioshwi kamwe. Kazi yake ni kuzuia klorini, kwa maana klorini hula aina hii ya utando, na utando ulioliwa hauponi kwa asidi wala kwa kitu kingine.

Kisha tangi. Tulikuwa tumelipandisha tangi la maji safi juu ya mnara wa mita 6, ili lionekane, nafikiri, kuliko kwa sababu nyingine. Kila mita kumi za kwenda juu hula baa moja ya presha, na presha hiyo husukuma utando kwa upande usiofaa. Tulilishusha. Faida yake ilikuwa lita chache tu kwa saa, lakini bibi wagonjwa sasa hufikia robine bila kusaidiwa.

Lililonishangaza zaidi ni saa za kazi. Nilikuwa nimeweka sheria kwamba mtambo uwashwe saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa nilidhani bidii huonekana alfajiri. Kijana aliweka kipimajoto katika tangi la maji ya ziwa: alfajiri nyuzi 19, saa saba mchana nyuzi 24. Maji ya baridi ni mazito kupenya. Kila nyuzi moja inaposhuka, maji safi hupungua kwa kadiri ya sehemu tatu kwa mia. Nyuzi tano ni kumi na tano kwa mia. Tulihamisha kazi kutoka alfajiri kwenda mchana, bila kununua hata msumari, na daftari likaandika lita 240. Chumvi inayopenya huongezeka kidogo maji yakiwa na joto, lakini kwetu kalamu haikuonyesha jambo la kututia hofu.

Na maji ya nje? Hayamwagwi tena juu ya mawe. Bomba lake linaingia katika mapipa mawili ya bluu, nayo huoshea sakafu za wodi, vyoo na mashuka ya suuzo la kwanza. Kabla ya hapo kituo kilikuwa kikinunua maji ya ziwa kwa kazi hizo. Yule mama mzee nilimwita nikamwonyesha mapipa, nikamweleza pia kwamba tangazo langu la Jumapili ile lilikuwa la mtu asiyejua. Alicheka, akasema yeye aliuliza tu.

Baada ya siku kumi kijana alimkabidhi daftari msichana wa kikundi chenu cha Kizito-Anuarite aliyekuwa amepita umri wa kikundi na kutafuta kazi ya kufanya. Baraza lilimwomba arudi katika nafasi yake, alishukuru, akakataa. Yuko Lubumbashi sasa, anasoma. Hatujawahi kuzungumza tena juu ya kile kikao, nami sijui kama amenisamehe au amechoka tu na jambo lile. Kila mwisho wa mwezi hunitumia ujumbe mfupi kwenye simu, na kabla ya salamu huuliza vipimo. Juzi niliangalia daftari nikamwandikia: ndani 238, nje 240, presha 10.